Matumizi yaliyokoma si sawa na yaliyosogezwa mbele

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu makala yenu kuhusu kujiandaa kwa uzee. Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba gazeti hili silinunui. Ninaliazima kwa jirani akishamaliza kulisoma, naye hunipa bila kinyongo kwa sharti nisimjazie chemsha bongo yake. Kwa hiyo somo la kubana matumizi ninalijua kwa vitendo. Nimefanya kazi ya ukarani wa hesabu hadi nikastaafu, nimelea watoto kwa mshahara mmoja baada ya baba yao kufariki, na katika miaka yote hiyo sijawahi kulala bila kujua nina kiasi gani na ninadaiwa kiasi gani.

Mwandishi wenu alisema mambo mawili: anza mapema, na punguza matumizi. La kwanza nakubaliana naye, ila amelipita haraka mno. La pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kwa sababu ameyatia matumizi yote kwenye kapu moja. Katika orodha yake ya vitu vya kuacha, simu mpya imekaa pamoja na miwani mpya, na nguo za sherehe zimepangwa mstari mmoja na kumwona daktari wa meno "kama huna maumivu". Karani yeyote akiletewa daftari lililopangwa hivyo atalirudisha.

Nianze na hilo la kuanza mapema. Tulipokuwa tunasomea uwekaji hesabu tulifundishwa jina la Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia aliyechapisha mwaka 1494 maelezo ya kuandika hesabu kwa pande mbili. Katika kazi hiyohiyo imo kanuni ya 72: gawa 72 kwa riba ya mwaka, na jibu ni miaka ambayo fedha itachukua kujizidisha mara mbili. Kwa riba ya asilimia 6, ni miaka 12. Aliyeweka akiba akiwa na umri wa miaka 30 na asiiguse mpaka afike 66 ameipa nafasi ya kujizidisha mara tatu, kwa hiyo kila 1 imekuwa 8. Aliyeanza akiwa na 54, kila 1 imekuwa 2 tu. Wote wawili ni waadilifu, wote wamejinyima, lakini mmoja amefanyiwa kazi kubwa na kalenda.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo haina upendeleo. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 6, miaka ileile 12 inatosha kuifanya fedha iliyolala tu ibaki na nusu ya uwezo wake wa kununua. Akiba haiozi, ndivyo tunavyoambiana. Ya ndani ya godoro inaoza, tena bila harufu, na mwenyewe anakuja kugundua siku anayoipeleka dukani. Hili makala haikuligusa kabisa, na nadhani lilistahili aya mbili zaidi kuliko picha ya wazee wawili wanaocheka kwenye benchi.

Wapo pia wanaosema hawatafika huko, basi ya nini kujitesa. Hao huwa wamesikia kwamba wastani wa umri wa kuishi duniani ni takriban miaka 73, na mtu wa miaka 65 anatoa haraka kichwani, anaona amebakiza 8. Hesabu hiyo ni batili. Wastani huo unaanzia siku ya kuzaliwa, na ndani yake wamo watoto waliofariki kabla ya kujifunza kutembea na vijana waliofia barabarani. Wewe umeshawapita wote hao. Mtu aliyefika miaka 60, kwa wastani wa dunia, ana miaka 20 hivi mbele yake, na wanawake huzidi kidogo. Jambo hili si jipya. Mwaka 1693 Edmond Halley, mtaalamu wa elimu ya nyota yule ambaye nyota-mkia ilipewa jina lake, alichukua kumbukumbu za waliozaliwa na waliofariki katika mji wa Breslau, akatengeneza jedwali la watu wanaobaki hai katika kila umri, kisha akakokotoa bei ya haki ya malipo ya kila mwaka, yale ambayo mtu huyanunua kwa fedha ya mkupuo ili alipwe mpaka afe, kulingana na umri wa anayeyanunua. Zaidi ya miaka 300 imepita na bado tunapangia uzee kwa kukisia.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe.

Katika daftari langu la nyumbani nina safu mbili kwa kila kitu ninachoamua kutokinunua. Safu ya kwanza ni ya matumizi yaliyokoma. Ya pili ni ya matumizi yaliyosogea. Kabla sijaandika popote najiuliza: nisipokilipia leo, nani atakilipia, lini, na kwa kiasi gani? Jibu likiwa "hakuna", naandika safu ya kwanza na ninafurahi. Jibu likiwa "mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 75, mara kumi ya leo", hapo sijaweka akiba yoyote. Nimekopa tu, na aliyeniwekea dhamana ni mwili wangu wa baadaye, ambao hata haukuulizwa.

Gazeti la kuazima ni la safu ya kwanza. Habari nimesoma, na hakuna atakayekuja kunidai. Simu ambayo bado inapiga na kupokea, sababu ya kuibadilisha haipo. Nguo mpya kwa kila sherehe, usafiri wa kulipia mahali ninapoweza kutembea, samani ninayoinunua kwa sababu mgeni fulani atakuja: vyote hivyo nikiviacha vinakufa pale pale. Na juu ya vyote naweka riba ya madeni. Hakuna uwekezaji ninaoujua ulio salama kama kulipa deni lenye riba kubwa, kwa sababu faida yake unaijua kabla hujaanza na hakuna soko linaloweza kuinyang'anya.

Matumizi yaliyokoma yana faida ya pande mbili ambayo watu wengi hawaioni. Chukua mtu anayepata 100 na kutumia 80. Anabakiza 20. Ili apate fedha ya kuishi mwaka mmoja bila kazi, kwa maisha aliyoyazoea, anahitaji 80, kwa hiyo afanye kazi miaka 4. Mwenzake anapata 100 hiyohiyo na anatumia 60. Anabakiza 40, na mwaka wake mmoja unamgharimu 60 tu. Miaka 1.5 ya kazi inamnunulia mwaka mzima. Akiba ya wa pili ni mara mbili ya mwenzake, lakini uhuru anaoununua ni zaidi ya mara mbili na nusu, kwa sababu amefupisha pia umbali anaotakiwa kwenda. Hapo riba sijaihesabu.

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipima kumbukumbu za masoko ya nchi yake akaona kwamba mstaafu aliyechukua asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, fedha zake zilidumu angalau miaka 30. Nchi nyingine si Marekani, na kanuni hiyo sishauri mtu aibebe kama andiko takatifu. Lakini igeuze uitazame kwa nyuma: asilimia 4 maana yake ni akiba ya mara 25 ya matumizi ya mwaka. Basi kila 1 unayoacha kuitumia kila mwaka, kwa kudumu, inaondoa 25 kwenye mzigo unaotakiwa kuukusanya. Kijana anayehangaika kutafuta uwekezaji wa ajabu angeanza na karatasi ya matumizi yake ya mwezi.

Hiyo ndiyo safu ya kwanza, na kama makala yenu ingeishia hapo nisingeandika. Safu ya pili ndiyo inayowaumiza wabanaji, tena wale hodari zaidi.

Shemeji yangu ni mwashi. Amekula, amesomesha, amejenga kwa kuziba nyufa za watu, na hakuna mteja aliyepita mikononi mwake bila kusikia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu huyo alikuwa na tundu dogo kwenye gego. Nikamuuliza, "Shemeji, lile jino limefikia wapi?" Akaniambia, "Limelala, shemeji. Likiamka nitalishughulikia." Liliamka baada ya muda, likaamka na jirani zake. Kilichokuwa kazi ya kuziba kwa kikao kimoja kikawa uvimbe, dawa, kung'oa, na sasa anatafuna upande mmoja. Leo anahesabu gharama ya meno ya bandia, na akiniona anabadilisha mazungumzo. Ni mtu mwenye akiba nzuri, wala sisemi hivi kumcheka. Nasema kwa sababu katika daftari lake, miaka yote ile, jino lile lilihesabiwa kama fedha aliyookoa.

Meno ni mfano rahisi kwa vile yanauma. Vibaya zaidi ni vile visivyouma. Shinikizo la juu la damu kwa watu wengi halina dalili hata moja, na kulipima kunachukua dakika chache. Masikio yanapungua polepole kiasi kwamba mwenyewe analaumu watu kwa kunong'ona. Jopo la wataalamu lililoandika kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni, likakadiria kwamba takriban asilimia 45 ya hali hizo zingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Kupungua kwa usikivu kumo, shinikizo la damu limo, sigara imo, upweke umo, na safari hiyo waliongeza uoni uliopungua bila kutibiwa. Kwa maneno mengine, ile miwani iliyowekwa na mwandishi wenu kwenye orodha ya vitu vya kuacha imeingia kwenye orodha ya madaktari kutoka upande wa pili.

Viatu navyo. Mimi kiatu nakipeleka kwa fundi mpaka fundi mwenyewe anione haya, lakini soli ikishakuwa laini kama kiganja, kiatu hicho nakitupa hata kama juu kinang'aa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa kwa wingi zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Kuanguka ni sababu ya pili duniani ya vifo vya ajali zisizokusudiwa, baada ya ajali za barabarani. Wasiokufa, wengine huvunjika nyonga, na nyonga iliyovunjika inakula akiba kuliko sherehe kumi.

Ndiyo maana, nikiwa bado natembea vizuri, niliita fundi aniwekee vyuma vya kushikia bafuni. Alikuwa kijana mchangamfu. Aliangalia nilipopachora alama ukutani akaniuliza, "Mama, mgonjwa ni nani humu ndani?" Nikamwambia hakuna mgonjwa. "Sasa hiki ni cha nani?" Nikamwambia ni changu, cha baadaye. Akacheka, akatoboa, akafunga chuma, akafuta vumbi, akasema tayari. Nikamwambia, "Sasa kining'inie." Akadhani natania. "Mama, mimi mzito." Nikamwambia ndiyo maana. Alipokivuta kwa mikono miwili kilitoka na kipande cha lipu, kwa sababu skrubu zilikuwa fupi, zimeshika lipu peke yake, hazikufika kwenye tofali. Fikiria chuma kile kingesubiri kupimwa na bibi wa miaka 80 aliyeteleza na sabuni machoni. Kijana, namshukuru, hakubishana. Alirudi na skrubu ndefu, akahamisha matundu mpaka mahali penye tofali zima, kisha akaning'inia mwenyewe bila kuambiwa, mguu mmoja juu. Kazi kama hiyo ifanyike wakati bado una nguvu ya kusimama pembeni na kukagua, kwa sababu ukisubiri mpaka ukihitaji, utaipokea kama ilivyo.

Kwa hilohilo, niruhusu nigombane kidogo na ndoto ya nyumba kubwa ya uzeeni. Nimewaona watu waliojinyima maisha yao yote ili wamalizie nyumba yenye ghorofa, vyumba vya watoto ambao walishahama, na ngazi isiyo na mkono wa kushikia. Paa kubwa linavuja kwa ukubwa wake. Kila chumba kinataka kufagiliwa na mtu, na mtu huyo mgongo wake unazidi kuchoka. Nyumba ndogo ya chini, yenye mlango mpana na taa inayowaka palipo na kizingiti, ndiyo ningemshauri mwanangu.

Na miguu. Hapa wabanaji tungetamba kama tungetaka, kwa kuwa nguvu za miguu haziuzwi. Shirika hilohilo la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, aongeze mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, na aliyefika miaka 65 afanye mazoezi ya kuimarisha nguvu na kujisawazisha siku 3 au zaidi. Hakuna mahali walipoandika kwamba lazima ulipie ukumbi. Kiti kinatosha. Kunja mikono kifuani, inuka bila kujishika, kaa, inuka tena. Wataalamu wa mazoezi ya viungo huhesabu mara ngapi mtu anaweza kwa sekunde 30, na wewe unaweza kujihesabia kwa saa ya ukutani. Mimi huinuka hivyo wakati wa taarifa ya habari, hasa zikifika habari za siasa, maana zile kukaa nazo ni kazi.

Kuna ubanaji mwingine unaofichwa vizuri, nao ni wa kubania watu. Mtu anaanza kwa kukwepa michango, sawa, wakati mwingine michango imezidi. Kisha anakwepa kutembelea kwa ajili ya nauli. Kisha hapigi simu. Baada ya muda hana deni na hana mtu. Akiugua, kila anachohitaji lazima akinunue: wa kumpeleka hospitali, wa kumsomea karatasi ya dawa, wa kukaa naye usiku. Mimi fedha nimezibania, lakini muda siubanii. Mtoto wa jirani nimemfundisha hesabu bure, mgonjwa nimemkalia, barua za watu nimewaandikia. Sifanyi hivyo kama biashara, na wengine wameshanisahau, hata salamu hawana. Haidhuru. Waliobaki wanatosha.

Watoto? Watoto nawapenda, na sitaki kuwa matumizi yaliyosogezwa kwenye daftari lao. Nimewaambia hivyo, wakanuna, kisha tukakaa tukaongea.

Maongezi hayo ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika maandalizi ya uzee, na ndicho wengi wanachokimbia. Kwenye bahasha moja nimeweka orodha ya akaunti zangu, hati, bima, madeni ninayodai na ninayodaiwa, wosia, na jina la mtu wa kuniamulia mambo ya matibabu kama siku moja sitaweza kusema. Wanangu wanajua bahasha iko wapi. Nilipokuwa kazini nimeona faili za marehemu ambao jina la mnufaika kwenye fomu lilikuwa la mzazi aliyetangulia zamani, au la mke waliyeachana, kwa kuwa fomu ilijazwa siku ya kwanza ya ajira na haikuguswa tena. Familia zinahangaika, wakati marekebisho yalihitaji kalamu tu. Asomaye hapa na afungue fomu zake wiki hii.

Jambo jingine ni utapeli. Mbanaji ana hatari ya pekee, kwa kuwa anacho cha kuibiwa, na kimekaa pamoja. Mwaka 1920, katika jiji la Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, mpaka wafuatao walipopungua na yote ikaanguka. Sheria na simu zimebadilika tangu hapo, lakini hadithi wanayokuja nayo ni ileile, na dawa yake ni kalamu. Asilimia 50 kila siku 45 inajirudia mara 8 kwa mwaka, na ukiizungusha hivyo, 1 inakuwa zaidi ya 25 kabla ya mwaka kuisha. Mwenye biashara ya namna hiyo hana haja na akiba ya mstaafu. Angekopa kidogo benki akaimiliki dunia. Anayekuharakisha uamue leo kabla hujaongea na mtu, mwambie utaongea na mtu. Utaona atakavyopoteza hamu.

Nimalizie na mtu ambaye makala yenu haikumtaja, na ambaye mpaka hapa hata mimi sijamtaja. Ni yule anayepata leo cha kula leo. Kumwambia huyo apunguze ni kumtukana. Amekwisha kupunguza kabla sisi hatujazaliwa kwenye mada hii. Bahasha anaweza, kiti anaweza, kupiga mswaki na kupimwa shinikizo anaweza mahali huduma hiyo ilipo bure, lakini akiba ya mara 25 ya matumizi yake hataifikia kwa kuacha nguo za sherehe ambazo hana. Kwa ajili yake ndipo pensheni ya umma ilipozaliwa. Ujerumani ilipoitungia sheria mwaka 1889, wakati wa Kansela wake Bismarck, ilichangiwa na mfanyakazi, mwajiri na serikali, na umri wa kuipokea ukawekwa miaka 70, ambao wafanyakazi wengi hawakuufikia. Mwaka 1916 ukashushwa hadi 65. Ilikuwa ndogo na ilichelewa, ila ilikubali jambo ambalo waandishi wa masuala ya fedha huliruka, kwamba wapo watu ambao nidhamu wanayo na bado hawana cha kuwekea. Magazeti yanapowafundisha watu binafsi kubana, yawaulize pia waajiri kama michango waliyoikata kwenye mishahara inafika inakotakiwa. Hayo makato ni akiba ya mtu aliyejinyima bila kuulizwa.

Barua imekuwa ndefu, Mhariri, najua nafasi yenu ni ya kugombania. Ikibidi kukata, kateni habari za Halley na Ponzi. Ya meno iacheni kama ilivyo. Shemeji amesharuhusu, mradi jina lake lisitajwe.

Wako,
Karani mstaafu wa hesabu